Mteremko Ninaokuonea Wivu

Kathonzweni,
Jumapili jioni, tarehe 11 Januari.

Mpendwa mwanangu Mumbua,

Naanza kwa ahadi, na nimeiandika kwa wino ili nisiweze kuifuta: katika barua hii nitakuambia yote, hata yale yanayonitia aibu.

Mwalimu wetu wa Kiswahili hutufundisha kwamba barua ya kirafiki huanza na salamu, kisha hali ya mwandishi, kisha kiini. Salamu tulipeana asubuhi. Hali yangu ni kwamba nakuonea wivu. Na kiini ndicho hicho hicho.

Ulishuhudia mambo ya leo kanisani. Mchungaji alikuombea, watu wakakuwekea mikono, kisha akageuka kwangu akasema, "Sasa tumpe mama nafasi. Mama Mumbua, mpe mtoto neno la baraka." Nikasimama. Kanisa lote likageuka kunitazama, hata watoto. Nikasema, "Asanteni." Nikaketi.

"Mama amelemewa na furaha," mchungaji akasema, na akina mama wakapiga vigelegele.

Haikuwa furaha, na wewe ulijua. Ulinitazama kama mtu aliyenyoosha mkono na hakuna aliyeushika. Baadaye jikoni ukaniuliza, "Mwaitu, mama, umenikasirikia?" Nikakujibu kwamba ni moshi. Kesho alfajiri gari litakuja kukuchukua, na huku kwetu mtoto haendi mbali bila neno la mamake. Watu watasahau kama ulisahau koti. Hilo la neno hawatalisahau, na mimi nitakuwa wa mwisho kulisahau. Sasa umeenda Emali na babako kumuaga susu, nyanya yako mzaa baba, nyumba imetulia, na nimefungua daftari langu la shule mahali pa katikati ambapo karatasi hutoka mbilimbili. Nataka kesho uondoke na neno langu. Lakini siwezi kulitoa kabla sijatoa kwanza kinacholiziba.

Habari za soksi, za kula, za kusali na za kujihadhari na wanaume nimeziacha. Shangazi yako Kalunde amekwisha kuzisema zote, na ile ya wanaume ameirudia.

Juzi, wiki ya kwanza ya kufungua shule, wenzangu wa kidato cha nne walinizunguka wakati wa mapumziko. Unajua wananiita Mamii, na wananipenda, ingawa wanadhani sketi ya shule juu ya mtu wa rika langu ni mzaha ambao haujaisha. Faith, jirani yangu wa dawati, ndiye aliyeanza.

"Mamii, ni kweli Mumbua anaenda Ujerumani kucheza barafu?"

"Ni kweli. Unaitwa mchezo wa skeletoni. Kuna mfereji mrefu uliojengwa mlimani, umefunikwa barafu. Unakimbia ukisukuma kitu kama sinia ya chuma, wanakiita sleji, kisha unajitupa juu yake kifudifudi na kuteremka."

"Kifudifudi? Kichwa mbele?"

"Kichwa mbele. Kidevu karibu kiguse barafu."

"Na usukani?"

"Mabega na magoti."

"Na breki?"

"Hakuna breki. Mwishoni mfereji unapanda, unapunguza mwendo wenyewe."

"Wueh! Mamii, na wewe kama mzazi ulikubali?"

Darasa likacheka. Nami nikacheka, nikasema kwamba mtoto akishakuwa na miaka ishirini haombi ruhusa wala hakatazwi. Nilikuwa nasema ya mdomoni. Kooni kulikuwa na sentensi nyingine kabisa, na hiyo ndiyo niliyoishi nayo tangu yule kocha aje kwetu. Sentensi yenyewe ni hii: mbona si mimi?

Nirudi kwenye siku ile ya kocha Karin. Alikuwa amekuona ukikimbia mbio fupi pale mjini Wote, akakupeleka Malili kwenye ile barabara mpya isiyo na magari, akakulaza juu ya kibao chenye magurudumu, akakuona ukiteremka. Kisha akataka kuja nyumbani. Aliketi kwenye kiti cha plastiki chini ya paa la jikoni, miguu mirefu kama ya korongo, akala mbaazi mbichi zilizochemshwa kama mtu aliyezaliwa hapa Kathonzweni. Mimi nilikuwa nikimwaga chai. Akaanza kukuuliza maswali, kwa Kiingereza, na labda mlidhani siyafuati yote.

Aliuliza: je, unachoshwa upesi na mambo yale yale? Ukiogopa, mwili wako unafanya nini? Ukikosea mbele za watu, usiku unalala? Unapenda kujua mwisho wa jambo kabla hujalianza? Ukipewa njia fupi yenye hatari na njia ndefu salama, unachagua ipi, na baadaye unajilaumu?

Mumbua, kila swali nililijibu kimoyomoyo kabla yako. Sijawahi kufanya mtihani niliokuwa na majibu yake yote namna ile, hata ule wa Dini.

Kisha akasema jambo ambalo nimelifikiria hata nikiwa natembea kwenda shule. Alisema watu huwaza kwamba wanaocheza michezo ya theluji wote ni vichaa wa hatari, na kwamba si kweli. Wapo wanaokuja kwa sababu ya ule mlio wa damu masikioni. Wakishaupata wanataka mkubwa zaidi, na siku moja wanaacha kukagua kamba za kofia. Hao huwarudisha kwao hata kama wana kasi. Wapo wengine ambao ukiwatazama utadhani ni makarani. Aliwahi kumfundisha mkutubi mmoja aliyeogopa ngazi za nyumba, lakini akilala juu ya sleji alitulia kama mtoto mgongoni mwa mamake. "Kupenda kasi ni kitu kimoja," alisema, "kupenda hatari ni kingine. Natafuta anayependa kasi na anayechukia uzembe." Akakutazama. "Na wewe umeitoa wapi tabia hii?"

Ukajibu bila kufikiri: "Kwa babangu. Yeye ni dereva wa lori, ukimwona barabarani utajua." Kisha ukanielekeza kwa kidevu, ukicheka. "Mamangu ni mtu wa vitabu. Huyo hata punda hampandi."

Kocha akacheka. Nami nikacheka, nikaenda jikoni kuongeza sukari kwenye chai ambayo tayari ilikuwa na sukari.

Sikulaumu. Ungejuaje? Mtu wa kukuambia alikuwa mimi, na nilikaa kimya miaka yote hiyo. Basi sikiliza.

Unalikumbuka lile jiwe la kwetu Kitui, kubwa kama kilima, nyuma ya boma la kina mamangu. Nilikupeleka ukiwa mdogo. Umeuona ukuta wake mfupi wa saruji pembeni, unaoyakusanya maji ya mvua yanapoteremka na kuyaelekeza kwenye tangi. Kijiji kizima kinakunywa kutoka kwa jiwe hilo. Ndiyo sababu kila mwaka, kabla ya mvua ya vuli, kuna siku ya kulifagia. Kila nyumba hutoa mtu. Wanawake hujipanga kwa mstari kule juu na kuteremka pamoja, wakisukuma majani, vumbi na kinyesi cha pimbi, na watoto huzoa taka kwa nusu za mitungi ya plastiki iliyopasuliwa. Likishafagiliwa, jiwe hung'aa. Na huwezi kumpa mvulana jiwe linalong'aa na nusu ya mtungi kisha umwambie asiteleze. Wazee walikaripia kwa mdomo na kuangalia kando. Wasichana hawakuruhusiwa. Walisema msichana akiteleza jiweni ataota sugu makalioni na hakuna atakayemtaka.

Nilikuwa darasa la tano. Niliwatazama wavulana wakiteremka wameketi, wakipiga kelele, nikahisi kana kwamba wanakula chakula changu. Nikachukua nusu ya mtungi, nikapanda mpaka juu kabisa walipoanzia wanawake, si pale katikati walipoanzia wao. Kwa sababu ya sketi sikuweza kuketi kama wavulana. Nililala kifudifudi. Kichwa mbele, Mumbua.

Sijui nikuelezeje. Wewe unajua. Mwanzoni jiwe lilikuwa linanguruma chini ya kidevu changu, kisha likaacha, au masikio yangu yaliacha. Nakumbuka kila ufa uliokuja. Nakumbuka nilijua, bila kufundishwa, kwamba nikikaza bega la kulia nitaenda kushoto. Hofu ilikuwepo, lakini ilikuwa imekaa kando kama mgeni mwenye adabu. Nilipofika chini kwenye mchanga nilisimama. Mamangu alikuja mbio.

"Nduku! Umeumia?"

"Hapana."

"Mbona unalia?"

Sikuwa najua kwamba nalia.

Mwenyekiti wa kamati ya maji hakunipiga. Alisema tu, mbele ya watu wote, "Mahali alipolala msichana pafagiliwe tena." Wanawake walikuwa wameshakaa kula. Wakaguna, wakamtazama mamangu. Akachukua fagio, akapanda peke yake kwenye jua la saa saba, akafagia mstari mmoja mwembamba kutoka juu mpaka chini, mstari wangu, na kila mtu akimtazama huku akitafuna. Hakunisemesha neno kuhusu jambo hilo mpaka alipofariki. Nami nikajifunza kwamba furaha yangu ni uchafu ambao mtu mwingine huufagia. Ulipofika pale jiweni na kuniuliza, "Mwaitu, wewe uliteleza?" nilikuwa nimeketi na wanawake wengine nimekunja miguu. Nikasema, "Mimi? Wasichana hawatelezi." Wewe hukungoja maelezo. Ulipanda ukateleza, na siku hizo hakuna aliyefagia upya mstari wa msichana, dunia ilikuwa imebadilika. Nilipiga makofi kama mama wengine. Ndani nilikuonea wivu kwa mara ya kwanza. Ulikuwa na meno mawili tu ya mbele.

Sasa habari ya babako, kwa sababu umemsifu kwa kilicho changu.

Mtu akinyimwa mteremko wake atautafuta kwa njia nyingine. Mimi niliupata ndani ya lori la mchanga. Nilikuwa nimetimiza miaka kumi na minane, niko kidato cha tatu, nimechelewa shule kwa ajili ya ukame na karo. Musyoki alikuwa na lori, na kwenye mteremko wa kuelekea Emali alikuwa na tabia ya kutoa gia na kuliacha lijiendee lenyewe. Madirisha wazi, mchanga ukitupulizia shingoni, injini kimya. Nilicheka mpaka koo likakauka. Nikasema huyu ndiye. Nikaacha shule, nikaolewa.

Nilichelewa kugundua kwamba nilichokipenda ni ule mteremko, na kwamba usukani ulikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Siku moja nikiwa na mimba yako nilimwambia, "Punguza, Musyoki." Akanitazama akacheka. "Leo umekuwa bibi mzee?" Nikaona aibu. Nikacheka naye, nikashika mlango kwa mikono miwili. Tulifika salama, na hiyo ndiyo sababu nilichelewa kujifunza. Kama tungegonga hata mti mdogo, ningejua mapema.

Babako si mtu mbaya. Tulipoachana hakunitukana, na karo yako hakuikimbia. Lakini yeye ni mmoja wa wale kocha anaowarudisha nyumbani. Jana alipofika na mbuzi, akasimama katikati ya wageni akajipiga kifua, "Hii ni damu yangu! Mnaona? Damu ya Musyoki haiogopi!" na watu wakashangilia, na wewe ukamkumbatia, niliona giza. Nilikuwa nimeshika sufuria ya wali. Kalunde alinong'ona, "Nduku, weka chini hiyo sufuria kabla hujampiga mtu." Unaona nilivyokuwa? Na asubuhi yake ndipo nikaambiwa nikubariki.

Kwa hiyo wivu wangu una vyumba vingi. Namwonea babako kwa kusifiwa. Namwonea kocha kwa sababu atakuona ukifika chini na mimi sitakuona. Nawaonea hata wale wasichana wa Ujerumani mtakaolala nao chumba kimoja, ambao walipelekwa kwenye theluji na mama zao wakiwa wadogo, wakaambiwa, haya, teremka, nakungoja hapa chini. Lakini chumba kikubwa ni chako. Nakuonea wivu kwa sababu ulitaka jambo ukasema unalitaka, kwa sauti, mchana, na hukumsubiri mtu mwenye lori.

Nimeahidi yote, basi na hili pia. Mwezi uliopita ulipokuwa Nairobi kwa habari za viza, uliacha kile kibao chenye magurudumu nyuma ya mlango. Nilitoka shuleni, nikakichukua nikiwa bado na sare, nikakipeleka kwenye ule mteremko wa lami mbele ya zahanati. Nikalala juu yake kifudifudi. Nilisikia harufu ya mpira, na ya jasho lako kwenye ile sehemu ya kidevu. Nilikuwa nimekaza mabega tayari. Ndipo Mama Kioko akatokea na kuni zake.

"Mama Mumbua! Umeanguka?"

"Hapana, natafuta sindano."

"Sindano barabarani? Na umelalia nini?"

"Nenda tu, Mama Kioko. Nitaiona."

Akaenda, akigeuka nyuma kila mara. Nami nikainuka. Nikajipangusa sketi, nikarudi nyumbani nimebeba kibao kichwani kama mzigo wa kuni. Katika makosa yote niliyoyaandika hapa, hilo la kuinuka ndilo linaloniuma zaidi, na lina mwezi mmoja tu.

Unisikilize sasa, kwa sababu hapa sitaki kukuhubiria, na wewe ukiona nimeanza unaweza kuruka mistari. Ni mambo mawili tu niliyoyapata kwa bei ya juu. Usimpende mtu kwa sababu alikuwa kando yako ulipokuwa unateremka. Ngoja mfike chini, damu itulie, kisha mtazame tena. Na siku utakayosimama kule juu na mwili wako ukasema leo hapana, shuka kwa miguu. Watakucheka. Wacheke. Mimi nilicheka pamoja na aliyenicheka, na ilinichukua karibu miaka ishirini kurudi darasani. Wewe huna haja ya kwenda mbali hivyo ili urudi mahali pale pale.

Lakini siku mwili utakaposema ndiyo, Mumbua, usinikumbuke hata kidogo. Usifikirie mimi niko wapi, ninaogopa kiasi gani, ni nani atakayefagia. Hakuna atakayefagia. Jitupe.

Nimeisoma tena sentensi hiyo na naona kwamba limetoka, lile neno nililoshindwa kulisema leo mbele ya watu. Basi niliseme vizuri. Mimi Nduku, mamako, ninakubariki. Nabariki miguu yako inaposukuma na mabega yako yanapokunja kona. Mungu akufikishe chini mzima kila mara, na kila mara akupe hamu ya kupanda tena. Wivu haujaisha, nisikudanganye, bado uko hapa mezani pamoja nami. Lakini baraka imeupita mlangoni.

Barua hii nitakupa kesho ukipanda gari, nawe uifungue ndege ikishapaa, maana ukiisoma mbele yangu nitakimbia.

Kuna jambo la mwisho, na hili nataka unijibu upesi, kabla hata hujaniambia habari za chakula chao. Mtihani wetu wa kidato cha nne utaisha Novemba, na nimesoma kwamba kwao mifereji hugandishwa mwezi huo huo. Nina miaka thelathini na tisa, sijawahi kuvunjika mfupa, na hofu yangu ina adabu. Muulize kocha Karin kwa niaba yangu, na usicheke unapomuuliza: je, mtu kama mimi anaweza kuruhusiwa kuteremka, hata mara moja tu?

Mamako,
Nduku